Mgeni mdogo, wenyeji wenye meno: mkaribishe mtoto wa mbwa bila vita

Mwezi huu nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia la kawaida, mpaka siku linapovuruga amani ya nyumba nzima. Ni suala la kumleta mtoto wa mbwa katika nyumba ambayo tayari ina mbwa wakubwa.

Hebu vuta picha ya nyumba moja kama zile nyingi za Tegeta, Mbezi au kule Njiro, Arusha. Baba ana mbwa wake wawili, Simba na Tiga, amewalea tangu enzi za ukapera. Mchana wanashinda bandani, saa 4 usiku mlinzi anawafungulia wazunguke uani. Siku moja mama anarudi na mtoto wa mbwa kwenye boksi, zawadi ya mwanae aliyefaulu mtihani. Nyumba nzima inashangilia, simu zinapiga picha, jina linatafutwa. Simba na Tiga wanabweka bandani, lakini hakuna anayewajali. Mtoto wa mbwa anawekewa kitambaa barazani alale. Saa 4 usiku mlinzi, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, anafungua banda kama kawaida yake.

Asubuhi mtoto wa mbwa anakutwa nyuma ya tangi la maji, amekwishakufa.

Hapo sasa ndipo moto unapowaka. Mtoto analia hataki kula. Mama anasema mbwa wale wauaji waondoke leo hii. Baba anajibu kwamba mwenye kosa ni aliyeleta kiumbe ndani ya nyumba bila kumuuliza mtu. Mlinzi anatishiwa kufukuzwa kazi. Siku ya tatu wenye nyumba bado wanapishana kwenye korido kama wapangaji wasiojuana. Utasema mambo ya mbwa tu! Lakini we mwenyewe unajua, ugomvi mkubwa wa ndani mara nyingi huanza na kitu ambacho jirani akisimuliwa anacheka.

Nisikufiche, katika mkasa wa namna hii mbwa hawana kosa. Mbwa wa ulinzi amefundishwa kwamba usiku kila kitu kisicho cha nyumbani ni adui. Hajui habari za zawadi wala mtihani. Halafu angalia na maumbile: dume mkubwa wa German Shepherd ana kilo kama 30 hadi 40, wakati mtoto wa wiki 8 ana kilo chache tu. Mkubwa akimkamata na kumtikisa mara moja, mchezo umekwisha, hata kama nia yake haikuwa kuua.

Habari njema ni kwamba mbwa wengi wakubwa huweza kumpokea mdogo na hata kumpenda, ila inabidi sisi binadamu tufuate utaratibu. Twende pamoja hatua kwa hatua.

Kwanza, zungumzeni nyinyi wawili

Kabla boksi halijaingia getini, kaeni chini wenye nyumba muelewane. Nani atamlisha? Nani atalipa chanjo? Atalala wapi? Na wale wakubwa ni wa namna gani? Mwenye mbwa ndiye anayewajua. Kama Simba aliwahi kuua kuku wa jirani au paka, au kila akimwona mbwa mwingine anataka kupasua geti, hiyo ni taarifa ya kuzungumzwa mapema, si baada ya msiba. Vilevile jike anayenyonyesha au mwenye mimba mwache kwanza, huo si wakati wa kumletea mgeni.

Tafadhali pia usipokee mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8. Wauzaji wengi wa barabarani watakwambia "huyu keshaacha kunyonya," kumbe ana wiki 5 tu. Katika wiki zile za mwisho akiwa na mama yake na nduguze ndipo anapojifunza adabu za kimbwa. Anajua aking'ata kwa nguvu mwenzake atalia na mchezo utakoma, na mama akinguruma inabidi atulie. Mtoto aliyekosa shule hiyo ataingia kwako hajui kumheshimu mkubwa, na mkubwa atamfundisha kwa njia ngumu.

Pili, daktari kabla ya utambulisho

Hapa wengi tunateleza. Mwite daktari wa mifugo, au nenda ofisi ya mifugo ya kata yako, uulize chanjo za mgeni na za wenyeji. Mtoto wa mbwa huanza chanjo za magonjwa kama parvo na distempa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Dawa ya minyoo nayo ni lazima, na wape wakubwa pia, maana minyoo ya mbwa huweza kuwapata hata watoto wetu wanaocheza kwenye mchanga. Viroboto na kupe usiwasahau.

Parvo ni ugonjwa mbaya wa kutapika na kuharisha damu, na huwamaliza watoto wa mbwa kwa siku chache. Kirusi chake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kwa hiyo kama mwaka huu kuna mbwa aliyekufa hapo kwako kwa kuharisha damu, mwambie daktari kabla ya kuleta mwingine. Sakafu na vyombo visafishwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 30 za maji. Sabuni peke yake haikiui kirusi hicho.

Na distempa usiichezee. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kama uliweza kumlaza mfalme wa pori, mtoto wa mbwa wa wiki 8 ataponea wapi?

Tatu, tuma salamu kwanza

Mbwa anamjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Siku moja au mbili kabla hawajaonana, chukua kipande cha khanga kuukuu, mpanguse nacho mtoto wa mbwa, kisha kiweke karibu na banda la wakubwa wakati wa kula. Wakinusa wanakula kitu kitamu, wataanza kuihusisha ile harufu ngeni na neema. Kingine wapanguse wakubwa, kisha mpe mdogo alalie. Ni gharama ya khanga moja iliyochakaa, lakini faida yake utaiona.

Nne, siku ya kuonana

Usiwakutanishe ndani ya uzio, wala mbele ya banda, wala penye sahani ya chakula. Huko ndiko kwenye mali yao, na mgeni ni kuku mweupe, kila jicho linamwona yeye. Tafuta sehemu ambayo si ya mtu, mfano kiwanja kitupu kilichotulia. Kama chanjo za mdogo hazijakamilika, mbebe mkononi au tumia ua wa jirani mnayeelewana naye ambaye hafugi mbwa, asije akakanyaga palipo na maradhi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Leta mbwa mkubwa mmoja tu, yule mpole zaidi, siyo wote kwa pamoja, maana wakiwa wawili hupeana kichwa. Mfunge kamba imara shingoni, ashikwe na mtu anayemtii. Wewe mshike mdogo kwa kamba yake. Anzeni kwa umbali wa hatua kama 10, mtembee upande mmoja sambamba, si kukabiliana uso kwa uso. Wakitulia, sogeeni kidogo kidogo. Kamba isivutwe ikakaza, kwani mbwa akihisi kamba imekaza naye anakaza mwili.

Wakifikiana, waache wanusane sekunde 3 hadi 5, halafu waite kila mmoja upande wake, wape kitu kitamu, wapumzike, kisha mrudie. Dakika 10 zinatosha kwa siku ya kwanza. Kesho tena, na keshokutwa tena. Mbwa wa pili naye apewe zamu yake peke yake vilevile. Haraka haraka haina baraka. Kuna watakaozoeana kwa siku chache, na kuna watakaohitaji mwezi na zaidi.

Tano, jifunze kusoma mwili wa mbwa

Wengi wetu tunajua kubweka na kutikisa mkia tu, na hata huko kutikisa mkia tunakuelewa vibaya. Mkia ulionyanyuliwa juu ukitikisika kwa kasi huku mwili umekakamaa kama ubao si furaha hata kidogo. Ukiona na manyoya ya mgongoni yamesimama, macho yamekodolewa bila kupepesa na mdomo umefumba, watenganishe taratibu bila kelele.

Mwili uliolegea, mdomo wazi, mkia unaozungushwa hadi kiuno kinacheza, au mbwa anayeinamisha kifua chini huku makalio yakiwa juu, hapo anasema "njoo tucheze." Mdogo akijilaza chali naye usimhurumie sana, anatoa shikamoo yake kwa mkubwa.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mdogo atamchokoza tu mkubwa, atamvuta masikio na kumng'ata mkia. Mkubwa atanguruma. Usimpige! Kunguruma ndiko kusema "mwanangu, basi." Ukimpiga kila anapoonya, ataacha kuonya, na siku nyingine atang'ata moja kwa moja bila taarifa. Mkubwa akinguruma, au akibweka kwa ukali mara moja bila kumgusa, na mdogo akarudi nyuma, hayo ni malezi. Asiporudi nyuma, wewe ndiye wa kumwondoa mdogo ili mkubwa apumzike. Lakini mkubwa akimfuata mdogo anayekimbia, akamkandamiza chini asimwachie, au mdogo akalia na mwenzake haachi, hapo si malezi tena.

Wakishikana kweli, usitie mkono katikati, hata kama unawapenda vipi. Mwagia maji ya ndoo, gonga sufuria kwa mfuniko, au ingiza ubao au kiti katikati yao.

Sita, chakula, mahali pa kulala, na wivu

Wanawake wenzangu, hili halihitaji maelezo marefu. Fikiria uko nyumbani kwako miaka minane, halafu mwenzio anamleta mdogo, anamlaza kwenye zulia ulilokatazwa wewe kukanyaga, anamnunulia nyama wakati wewe unaendelea na ugali wa dona na dagaa. Utampenda? Mbwa hana kinywa cha kusema, lakini anaona.

Hivyo basi, desturi za mkubwa zisibadilike. Kama alikuwa analishwa wa kwanza, aendelee kulishwa wa kwanza. Kama jioni baba alikuwa anamkuna shingo, aendelee kumkuna, tena mdogo akiwa mbali. Kila mbwa ale kwenye sahani yake, sehemu yake, mlango umefungwa kati yao, na sahani ziondolewe wakimaliza. Mdogo anakula mara 3 hadi 4 kwa siku, mkubwa mara 1 au 2, kwa hiyo milo ile ya ziada ampe mtu sehemu ambayo mkubwa hafiki. Mifupa isiachwe uani kabisa katika kipindi hiki, maana vita vingi huanzia kwenye mfupa mmoja uliosahaulika.

Mtengenezee mdogo chumba chake, hata kama ni kona ya stoo au banda dogo. Wavu wa kuku peke yake hautoshi, mbwa mkubwa anaupasua. Weka mbao au nondo imara, na chini pazibwe asipite mtu kwa kuchimba. Mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku, na wakati wa usingizi wake ndio wakati wa wakubwa kufurahia ua wao kwa amani.

Saba, saa 4 usiku

Nimelitenga hili makusudi kwa sababu ndilo linaloua. Nyumba zetu nyingi mbwa hawafunguliwi na mwenye nyumba, hufunguliwa na mlinzi au kijana wa kazi. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuelezwa habari za mgeni, siyo wa mwisho. Mwite yeye pamoja na dada wa kazi, waonyesheni mtoto wa mbwa, waambieni kwa heshima: "Kaka, kabla hujafungua banda, hakikisha kwanza huyu yuko ndani na komeo limefungwa." Fanyeni iwe kanuni moja isiyobadilika, banda la mdogo kwanza, la wakubwa baadaye. Akija mlinzi wa zamu nyingine, naye aelezwe vilevile.

Hata wakizoeana mchana, usiwaache usiku pamoja bila mtu kwa miezi ya mwanzo. Usiku mbwa wako kazini, akipita paka ukutani damu zinachemka, na anayekuwa karibu ndiye anayeumia. Subiri mdogo akue, aweze kukimbia na kujikinga, na wakubwa wawe wameonyesha kwa muda mrefu kwamba wamemkubali.

Nane, watoto wetu

Mtoto wa binadamu akimwona mbwa wake mdogo anaonewa, jambo la kwanza atakalofanya ni kukimbilia kumwokoa. Hapo ndipo anapong'atwa yeye. Mfundishe tangu siku ya kwanza kwamba mbwa wakigombana anaita mtu mzima, hagusi. Asiwasogelee wakila, na asimbebe mdogo mbele ya wakubwa.

Na hapa lazima niseme kuhusu kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishatokea, kupona ni jambo la nadra mno. Kwa hiyo wakubwa wawe na chanjo yao ya kila mwaka na kadi zao, na mdogo achanjwe, kwa kawaida akifika miezi 3, au mapema zaidi daktari akielekeza. Mtoto wa mbwa wa kuokota mtaani usimwingize tu kwa sababu ni mdogo na mzuri, kwani huweza kuja na ugonjwa tayari.

Mtu yeyote aking'atwa au kukwaruzwa hadi ngozi ichubuke, osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usifunge dawa ya kienyeji, usisubiri uone mbwa atafanyaje.

Na ikishindikana je?

Kuna mbwa ambaye hatakubali, hata ufanye yote haya. Baada ya wiki kadhaa bado anamwinda mdogo kwa macho na hali anapokuwa karibu. Usimchukie. Hapo mna njia mbili za kweli: kuwatenganisha kwa mabanda na zamu za kutoka kwa maisha yao yote, kama mna nafasi na watu wa kuifanya kazi hiyo, au kumtafutia mdogo nyumba nyingine nzuri mapema. Ni bora mwanao alie leo kwa kumwaga rafiki yake aliye hai.

Nasema mdogo ndiye ahame, na najua kuna wasomaji watakaoninunia. Wengi hufanya kinyume chake: yule mzee anatupwa nje ya geti au anafungwa mnyororo siku nzima, kwa sababu mpya ni mzuri zaidi na anapendeza kwenye picha. Lakini mzee huyo ndiye aliyelala kwenye mvua miaka yote ili nyie mlale kitandani. Watoto ndani ya nyumba wanaangalia jinsi tunavyomtendea aliyezeeka, na siku moja na sisi tutazeeka machoni pao.

Basi mpenzi msomaji, kama una boksi lenye matundu unalotaka kulileta nyumbani wiki hii, anza na mazungumzo ya jioni na mwenzio, kisha daktari, kisha mlinzi. Ukitoka hapo kipande cha khanga, kamba mbili na uvumilivu vitamaliza kazi iliyobaki. Mungu akipenda tukutane hapa hapa mwezi ujao. Nawatakia amani ndani ya nyumba zenu, na uani pia.